Swali la Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Januari

Mvua milimita tisa. Upepo kutoka milimani.

Daftari hili ni la Wilf. Kila mwaka alinunua moja, la kuandikia mvua tu, na hili la mwaka huu alilinunua mapema, Agosti, kwa sababu duka la vifaa vya ofisi pale sokoni lilikuwa linafungwa na kila kitu kimeshushwa bei. Septemba akafariki. Sikuona sababu ya kuliacha tupu. Kipimo chake cha mvua bado kiko uani juu ya ukuta, nami najua kukisoma, maana kwa miaka arobaini na moja ndiye niliyemshikia mwavuli wakati anakisoma.

Uzio wa Kichochoro bado uko palepale. Waliuweka Novemba, vyuma virefu kuliko mtu, na bango la halmashauri: HAKUNA NJIA. Zamani ungetoka huku kwetu Mtaa wa Cobden, ukapita Kichochoro kando ya ukuta wa kiwanda cha Dunnock, na kwa dakika sita uko sokoni, duka la dawa, kituo cha basi na dukani kwa Shabir. Sasa tunazunguka kwa barabara kuu, kupanda kilima na kushuka, dakika thelathini na tano. Kwa goti langu ni hamsini. Dada yangu Muriel amepiga simu tena kutoka Southport. Anasema kwake kuna chumba, na kwamba mjane asiyeweza kujinunulia mkate hana nyumba bali ana kifungo. Nilimwambia asubiri baridi iishe.

"Nasubiri tangu mazishi, Enid," akasema.

Sitaki kuondoka. Ngazi ya tatu hapa imelika upande mmoja kwa kisigino cha Wilf. Southport hakuna ngazi kama hiyo.

Jumatano, 9 Januari

Milimita nne. Maziwa yameisha. Chai ya rangi.

Jumamosi, 12 Januari

Milimita mbili.

Diwani Lorraine Haslam alikuja jikoni kwangu na mkoba wa fomu. Alimkuta Dot Kershaw, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye huja kila Jumamosi kuniangalia kama nimekula, kisha hula yeye.

Diwani alieleza vizuri. Halmashauri ya Thornshaw iliununua uwanja wa Dunnock kiwanda kilipokufa, na sasa inataka kuuza kwa kampuni ya maghala. Kuna ajira mia mbili, na fedha za mauzo ndizo zitakazoliokoa bwawa la kuogelea lisifungwe. Lakini kampuni haitaki watu wapite katikati ya malori. Kwa hiyo uzio. Kamati itaamua mwezi wa Machi.

"Sheria iko upande wetu, wapenzi wangu," alisema. "Watu wakipita mahali miaka ishirini bila kujificha, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, njia inakuwa yao."

"Yaani usipoomba ndio unapewa?" Dot aliuliza.

"Ndiyo."

"Mume wangu wa kwanza alikuwa mwanasheria basi, na sikujua."

Tukacheka. Kisha Diwani akaweka kidole kwenye swali la kumi na moja. *Je, umewahi kukikuta kichochoro kimefungwa, hata kwa siku moja?*

"Hapa ndipo penye shimo," alisema. "Mwenye ardhi akifunga lango hata siku moja kwa mwaka, na watu wakajua limefungwa, basi miaka ishirini yote imekwisha. Andikeni Hapana."

"Na kama mtu hakumbuki?" nikauliza.

"Asiyekumbuka anaandika Hapana, Enid."

Niliandika Hapana. Ni kweli, mimi sijawahi kukikuta kimefungwa. Lakini nilimtazama Diwani akikusanya fomu, anavyosoma swali lile moja tu na kuacha mengine. Mara iliyopita alishinda kiti kwa kura kumi na moja. Mei anagombea tena. Sijui kama anakipenda Kichochoro au anapenda kelele zake.

Ijumaa, 18 Januari

Milimita kumi na mbili. Nilimkuta Renee Catlow duka la dawa. Alinipa pole ya Wilf, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nilimjibu kwa kifupi. Nina sababu zangu na sitaziandika.

Jumamosi, 26 Januari

Milimita sita. Nilizunguka mpaka kwa Shabir Munshi kumpelekea fomu yake. Duka lake liko mdomoni kabisa mwa Kichochoro, upande wa soko, miaka ishirini na sita sasa. Wateja wake walikuwa sisi, na tangu uzio uwekwe anakaa na redio.

Alijaza maswali yote haraka. Alipofika la kumi na moja kalamu ikasimama. Akaangalia nje kwenye uzio, akaniangalia mimi.

"Hii nitaileta mwenyewe, Bi Threlfall," alisema. "Nataka kuisoma taratibu."

"Ni Ndiyo au Hapana tu, Bwana Munshi."

"Hayo ndiyo magumu."

Nilipomsimulia Dot, aliacha kutafuna.

"Mpwa wake si anafanya kazi ukumbi wa halmashauri?"

"Yuko kwenye kodi za nyumba."

"Kodi, njia, yote yako chini ya paa moja," akasema Dot.

Jumatatu, 4 Februari

Theluji. Kipimo kimeganda.

Jumamosi, 9 Februari

Milimita kumi na nne, mvua ya pembeni inayoingia masikioni.

Mkutano wa mtaa ulifanyika kanisani. Tulikuwa watu hamsini na makoti yaliyolowa. Diwani Haslam alisimama na uso wa mtu anayeleta msiba, na kusema kweli alileta. Kwenye mafaili ya halmashauri wamekuta barua ya mkazi. Inasema lango la Kichochoro lilikuwa likifungwa kwa mnyororo kila siku ya Krismasi, tangu asubuhi hadi giza, mwaka baada ya mwaka. Jina la mwandishi limefichwa kwa sheria ya siri za watu.

Mtu nyuma akauliza, "Kuna aliyetoka siku ya Krismasi akaona?"

Tulitazamana. Hakuna. Siku ya Krismasi Mtaa wa Cobden uko ndani. Bata mzinga yuko kwenye oveni, mapazia yamefungwa nusu, na kila mtu ana taji la karatasi la sikukuu kichwani na hataki kuonwa nalo. Wangeweza kubomoa mji mzima siku hiyo tusijue.

"Basi ni nani anayekuwa nje siku hiyo?" Diwani aliuliza polepole.

Dot akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Uliza ni nani anayefungua duka siku hiyo."

Shabir hakuwepo. Alikuwa dukani. Watu walianza kuhesabu hoja: duka lake linatazama lango, Krismasi si yake, hufungua, maghala yakija, wafanyakazi mia mbili watanunua chakula kwake, mpwa wake yuko ndani ya halmashauri. Kila hoja ilikaa juu ya mwenzake kama tofali. Diwani hakulitaja jina la mtu. Hakukanusha pia.

Niliikumbuka kalamu iliyosimama. Na mimi nikaitaja. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya: niliitaja mbele ya watu, na wakanishukuru.

Jumatatu, 11 Februari

Milimita tano. Mkate nimenunua duka kubwa la kando ya barabara kuu.

Alhamisi, 14 Februari

Milimita tatu. Mkate wa duka kubwa. Una ladha ya mfuko.

Jumanne, 19 Februari

Milimita nane. Dot anasema hakuna mtu wa Cobden aliyeingia kwa Shabir siku tisa. Alisema kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

Jumamosi, 23 Februari

Hakuna mvua. Karatasi ya Diwani Haslam ilipita chini ya mlango. Ina picha yake akiwa mbele ya uzio, mikono imekunjwa. Chini imeandikwa: *Kuna mtu anajua. Na sisi tunajua kwamba anajua.* Nimeisoma mara tatu. Haisemi kitu, na bado ukimaliza kuisoma unatazama dirishani.

Jumamosi, 2 Machi

Milimita saba.

Nilikuwa kwenye kituo cha basi. Kwenye mlango wa chuma wa duka la Shabir mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, MSALITI. Shabir alikuwa amepiga magoti kwenye gazeti akilipaka neno hilo rangi ya kijani. Aliniona. Nilishindwa kujifanya sikumwona, maana tulikuwa wawili tu.

"Leo hununui gazeti, Bi Threlfall?"

"Nina haraka ya basi."

"Lile la saa nne limeshapita. Lijalo ni la saa nne na nusu." Akachovya brashi. "Wilf angesema wameandika kwa mwandiko mbaya."

Kweli Wilf angesema hivyo. Nilisimama nusu saa nikiutazama mgongo wake. Sikumuuliza. Nilifikiri, mtu asiye na hatia angejitetea. Baadaye ndani ya basi nikafikiri, mbele ya nani?

Jumanne, 12 Machi

Milimita kumi na tisa, nyingi kuliko siku zote za mwaka huu.

Ripoti ya halmashauri imetoka. Iko maktaba, kurasa mia na arobaini, imefungwa kwa kamba kwenye meza. Nilikwenda kuisoma kwa sababu Diwani ameniomba nizungumze mbele ya kamati. Kila mkazi anayejiandikisha anapewa dakika tatu. "Mjane mwenye goti bovu," alisema. "Watakulilia, mpenzi wangu."

Barua iko ukurasa wa tisini na moja. Wameipiga chapa upya ili mwandiko usitambulike, na jina wameliziba kwa mstari mweusi. Tarehe ni Januari, miaka kumi na mitano iliyopita. Nainakili:

*Kwa Karani wa Mji. Mheshimiwa, naandika kwa heshima kuhusu lango la kichochoro cha Dunnock, ambalo mlinzi wa kiwanda hulifunga kwa mnyororo kila siku ya Krismasi. Sina ugomvi na mlinzi, ni mtu mwema. Lakini kila mwaka nalazimika kuzunguka kwa barabara kuu kwenda na kurudi kishambani, saa nzima na zaidi, kwa vikabichi kumi na viwili, kisha naingia nyumbani na mke wangu ananitazama kwa jicho nisilostahili. Ningeshukuru kama halmashauri ingewaomba waliache wazi.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa.

Sasa lazima niandike lile nililosema sitaandika. Wilf alikuwa na kishamba cha kukodi cha halmashauri, kando ya mfereji, ng'ambo ya soko. Kila asubuhi ya Krismasi alikwenda kuchuma vikabichi, vile vidogo kama ndimu, maana alishikilia kwamba lazima vipigwe na barafu mpaka saa ya mwisho. Siku za kawaida safari hiyo ni dakika ishirini na tano. Krismasi alirudi baada ya saa moja na nusu, mashavu mekundu, na vikabichi kumi na viwili kwenye kofia. Sita vyake, sita vyangu. Nyumba ya Renee Catlow iko kando ya mfereji, mlango wa bluu. Aliachwa mjane mapema, naye alikuwa mzuri.

Sikuuliza hata mara moja. Nilivisafisha vile vikabichi, nikakata alama ya msalaba kwenye kitako cha kila kimoja, na kila mwaka kisu kilizama kidogo zaidi. Miaka ile yote nilidhani nimeficha vizuri.

Kumbe aliona. Na badala ya kuniambia lango limefungwa, alimwandikia Karani wa Mji. Huyo ndiye Wilf. Angekuwa radhi kuishi na kidole kilichobanwa mlangoni kuliko kumwambia mtu kwamba anamwumiza.

Mkutubi alikuja kuniuliza kama niko salama. Nilimwambia ni vumbi.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimelowa mpaka ndani ya viatu. Shabir hakuandika kitu. Hakuna mtu duniani anayeweza kulijua hilo isipokuwa mimi.

Jumatano, 13 Machi

Milimita sita. Sikutoka.

Alhamisi, 14 Machi

Milimita mbili. Dot alikuja na supu. Naye ameisoma barua.

"Ya kutunga ile," alisema. "Vikabichi kumi na viwili. Nani anahesabu vikabichi? Lorraine atasema mbele ya kamati kwamba aliitunga Shabir na mpwa wake akaichomeka kwenye faili. Barua isiyo na mwenyewe haina uzito. Itatupwa, njia tutapata."

"Na mpwa wake?"

"Atafukuzwa kazi. Si angefikiria mapema?"

Nilikunywa supu. Ilikuwa nzuri, ya mbaazi, na kipande cha nyama alichokitoa kwenye sahani yake mwenyewe, najua. Ni mtu yuleyule. Alikaa na mimi usiku wa siku tatu baada ya mazishi. Nilitaka kumwambia, lakini nilipofungua kinywa nikasema supu ina chumvi ya kutosha.

Jumatatu, 18 Machi

Milimita moja.

Diwani Haslam hukaa maktaba kila Jumatatu kusikiliza shida za watu. Nilingoja zamu yangu nyuma ya mtu mwenye shida ya pipa la taka. Kisha nikakaa, nikamweleza yote, hata jicho.

Alinisikiliza. Alipanga kalamu zake mbili zikawa sambamba.

"Hujaniambia kitu, Enid."

"Nimekuambia sasa hivi."

"Hujaniambia, mpenzi wangu, nami sijasikia."

"Utamsema mtu mbele ya kamati kwa jambo ambalo hakulifanya."

Nilitegemea akasirike. Badala yake alivua miwani, akafuta macho kwa kidole gumba, na nikaona amechoka kuliko mimi.

"Nimekuwa diwani miaka kumi na tisa," alisema. "Nimewaona wakifunga kliniki, wakifunga kituo cha wazee, wakifunga vyoo vya sokoni. Kila mara walikuwa na haki ya kufunga, kwa sababu wao ndio waliotupa. Kichochoro hakuna aliyetupa. Ndicho kitu pekee mtaa ule ulichonacho ambacho hakikuwa hisani ya mtu. Na wewe unataka kukitoa kwa ajili ya nini? Muuza magazeti atapona. Watu husahau."

"Wewe unasahau?"

"Mimi nimechaguliwa kukumbuka," alisema, akavaa miwani. "Njoo Jumatano. Zungumza kuhusu goti."

Nilitoka nikiwa na hakika ndogo kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimemweka Lorraine Haslam mahali pake, na sasa ameondoka hapo. Kila alichosema juu ya mtaa ni kweli. Mwisho wake tu ndio uliokuwa mbovu, kama tofaa lililooza upande mmoja.

Jumatano, 20 Machi

Asubuhi hakuna mvua. Baadaye sikupima.

Kamati ilikaa ukumbi wa juu, madiwani tisa, meza ya nusu duara. Watu wa Cobden walijaa viti. Shabir alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, ameshika kofia, na viti viwili pande zote mbili vilikuwa tupu.

Mbele ya mzungumzaji kuna kisanduku chenye taa. Kijani unaanza, njano unamalizia, nyekundu unanyamaza. Dot alinigusa kwa bega. "Wape goti," alisema.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba mbili, moja kila mfuko wa koti, na mpaka taa inawaka sikujua mkono utakwenda wapi. Mwishowe haukwenda popote. Nilisema bila karatasi.

Nilisema jina langu ni Enid Threlfall, na barua ya ukurasa wa tisini na moja iliandikwa na mume wangu, Wilfred. Nilisema Bwana Munshi hakuiandika wala mpwa wake hakuiweka. Nilisema lango lilifungwa kila Krismasi, na kwamba mimi mwenyewe sikuliona ila nililihesabu, maana vikabichi vilichelewa kila mwaka na nilidhani sababu ni nyingine. Mtu mmoja alicheka, kisha akajua hakuna anayecheka naye.

Mwenyekiti aliinama mbele. "Bi Threlfall, unaelewa unachoyafanyia madai ya mtaa wako?"

"Naelewa. Naishi huko."

"Una dakika moja bado."

"Sina la kusema kwa hiyo dakika," nilisema, lakini sikukaa, kwa sababu goti lilikuwa limekaza. Basi nikasimama pale mpaka ikawaka njano, mpaka ikawaka nyekundu, watu wote wakinitazama.

Diwani Haslam, zamu yake ilipofika, hakumtaja Shabir. Alizungumza kuhusu kliniki na vyoo. Alizungumza vizuri sana. Kura zikawa sita kwa tatu, na Kichochoro kikafa.

Kwenye ngazi watu walinipisha upana ambao hata jeneza halihitaji. Nilipanda basi peke yangu. Dot alikuwa kituoni; akasema atangoja linalofuata.

Alhamisi, 21 Machi

Milimita nne.

Jumatatu, 25 Machi

Milimita tano. Pazia la Dot limefungwa upande wangu.

Jumatano, 27 Machi

Milimita tatu.

Nilizunguka mpaka kwa Shabir, dakika hamsini na mbili. Nilinunua mkate, gazeti na maziwa. Nilimwambia nilichosema kanisani mwezi wa Februari, kuhusu kalamu yake. Nilisema nimekuja kuomba radhi, na kwamba asipotaka kunijibu naelewa.

Alizima redio.

"Bi Threlfall, unajua niliandika nini kwenye swali lile?"

"Sijui."

"Nilikaa nalo siku nne. Mlinzi alikuwa akija saa moja asubuhi ya Krismasi, nasikia mnyororo, kisha anaingia hapa kununua sigara. Miaka yote hiyo. Wilf naye alikuwa akipita mbele ya dirisha hili na kofia yake, ametoka barabara kuu, anapunga mkono."

"Kwa hiyo uliandika Ndiyo."

"Niliandika Hapana."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nyote mliandika Hapana," alisema. Akanipa chenji. "Sasa wanarudi, unajua. Jana wamekuja watatu. Wananiambia, pole Shabir, kumbe alikuwa Wilf. Wananiambia na mengine kuhusu wewe. Nawaambia nimesikia, nawauzia magazeti."

"Wewe huna hasira?"

"Ninayo. Lakini nina duka pia." Alinifungulia mlango. "Pita taratibu kwenye kilima. Upande wa kushoto wa njia kuna ukuta wa kupumzikia, baada ya sanduku la posta."

Kweli upo. Sikuwa nimeuona.

Jumanne, 9 Aprili

Hakuna mvua. Magari ya kubomoa yameingia Dunnock. Vikombe vinatetemeka kwenye kabati.

Jumamosi, 13 Aprili

Milimita mbili. Jumamosi ya nne bila Dot. Namsikia kupitia ukutani akikoroga chai. Nimepika viazi vya watu wawili kwa mazoea, nikala vyote.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna mvua. Muriel alipiga simu. Nilimwambia siji. Nilimweleza kwamba nimefika sokoni mara tatu wiki hii, kwamba ni dakika arobaini na tano sasa, na nyingi za hizo nimekaa juu ya ukuta.

"Na majirani?" akauliza.

"Wazima."

"Wanasema nawe?"

"Wanasema," nikamwambia, bila kueleza zaidi.

Kabla ya kulala nilimwandikia Renee Catlow kadi. Sikueleza kitu. Nilimshukuru tu kwa pole yake, nikamwuliza hali.

Alhamisi, 2 Mei

Milimita moja, alfajiri.

Siku ya kura. Kituo chetu kiko shule ya msingi, ng'ambo ya soko, kwa hiyo mtaa mzima ulilazimika kuzunguka. Wenye magari walikwenda kwa magari. Nilitoka saa tatu na nikasikia mlango wa Dot ukifungwa nyuma yangu.

Hakunifikia. Alikaa hatua kumi nyuma, na kigari chake cha kubebea vitu kikigonga kila ufa wa barabara. Nilipopunguza mwendo, kigari kilipunguza. Nilipokaa kwenye ukuta baada ya sanduku la posta, alisimama mbele ya duka la nywele akasoma bei kwenye dirisha, yeye ambaye hukatwa nywele na binti yake. Sikujua kama anangoja nianguke au anaogopa nitaanguka. Nimewashuku watu wengi mwaka huu na nimekosea karibu wote, kwa hiyo nikaacha kukisia.

Kwenye chumba cha kura nilitazama jina la Lorraine Haslam kwa muda, kisha nikaweka alama yangu. Dot alikuwa kibanda cha pili. Nilisikia penseli yake ikikwaruza kwa nguvu.

Nje alinipita bila kunitazama. Kisha goti lake nalo likamsimamisha pale pa kuvukia barabara, na mimi nikamfikia, tukasimama bega kwa bega tukingoja malori ya Dunnock yapite. Yalikuwa mengi.

"Atashinda Lorraine," alisema akitazama mbele. "Hasira ina miguu mizuri kuliko sisi."

"Huenda."

"Umempigia nani?"

"Ni siri, Dot."

"Siri." Alivuta pumzi puani. "Ungeanza kutunza siri mwezi wa tatu."

Lori lingine likapita, likaturushia maji kwenye soksi, zangu na zake. Dot aliangalia soksi zake, akaangalia zangu, kisha akakishika kigari upande mwingine ili kisinigonge.

"Na usidhani nakusindikiza," alisema. "Barabara ni moja tu sasa."